Kinyago Kilichopanda Ndege

Wanangu, sogeeni. Sogeeni hapa mbele, na wa nyuma nao wapate kusikia.

Mmoja wenu ameniuliza swali. Kaniuliza, "Mjomba, nani anayeamua kwamba huyu ni Mkenya na yule si Mkenya?" Wenziwe wakamcheka. Msimcheke. Hilo ni swali zuri, tena ni zito. Wapo watu wazima wenye mvi kama mimi ambao hawajawahi kuliuliza hata siku moja. Na wapo wengine, hapa hapa Kwale, walioliuliza maisha yao yote, wakazikwa kabla ya kujibiwa. Mtoto anayeuliza swali kama hilo anastahili kujibiwa vizuri, asifukuzwe akacheze.

Basi tuanze na ua.

Kwetu huku, kuanzia Likoni mpaka Vanga, nyumba ina ua. Mwingine ua wake wa makuti, mwingine wa matofali. Mtu akija, hasukumi mlango akaingia. Husimama nje, akasema, "Hodi!" Aliye ndani huitika, "Karibu!" Kisha humtazama mgeni usoni na kumuuliza maswali mawili matatu. Umetoka wapi? Umekuja kwa heri? Na lile swali ambalo wazee wa Kidigo hawalisahau kamwe: wewe ni mtoto wa nani?

Mgeni akishajibu, hutandikiwa mkeka. Hupewa maji, na kama pana chakula, hula. Lakini anajua yeye ni mgeni. Hafungui kabati. Haamui mnazi gani uangushwe.

Je, wewe ukirudi kutoka shule, unapiga hodi?

"Hapana, Mjomba!"

Hapana. Wewe unapita moja kwa moja mpaka jikoni, unafunua sufuria kabla hata ya kuvua viatu. Kwa nini? Kwa sababu hapo ni kwenu.

Nchi nayo ni ua. Ni ua mkubwa sana, wenye bahari upande mmoja na ziwa upande wa pili. Kuna watu wa ndani na kuna wageni. Na katika ua mkubwa hivyo, hakuna mzee mmoja anayeweza kuzijua nyuso zote. Kwa hiyo serikali imeweka ofisi za aina mbili. Ya kwanza ni Idara ya Uhamiaji. Hiyo kazi yake ni kuitika hodi. Ya pili ni ofisi za usajili. Hizo kazi yake ni kuandika majina ya wenye nyumba: nani kazaliwa, nani katimiza miaka kumi na minane, nani amefariki. Zote mbili ziko chini ya wizara moja, lakini msizichanganye. Moja inatazama nje ya ua, nyingine inatazama ndani.

Tuitazame kwanza ile ya nje.

Mmewahi kufika Lunga Lunga? Ukienda mbele kidogo, unakuta mpaka. Huku ni Kenya, kule ni Horohoro, Tanzania. Mnajua nani aliuchora mpaka ule? Si Mdigo, wala si Mvumba, wala si Msegeju. Mwaka 1886, Uingereza na Ujerumani zilikubaliana huko kwao Ulaya. Wakachora mstari kuanzia mdomo wa mto Umba, karibu na Vanga, ukapanda mpaka Kilimanjaro, ukaenda hadi ziwa kubwa. Mstari ukapita katikati ya Wadigo. Ndiyo sababu mpaka leo mtu wa Lunga Lunga ana shangazi yake Tanga, na harusi moja inakuwa na wageni wa nchi mbili.

Basi hapo mpakani ndipo unapopiga hodi. Afisa anatazama pasipoti yako, au hati ya kusafiria ya muda, na anagonga muhuri. Watu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki hawana mlolongo mrefu, maana tumekubaliana kuwa majirani wa karibu. Kwa upande wa bahari, kuna Shimoni. Na wale wageni wanaokuja Diani kuota jua? Wao wengi hushuka Uwanja wa Ndege wa Moi, Mombasa. Lakini tangu Januari 2024 wao hupiga hodi mapema, wakiwa bado kwao. Hujaza ombi kwenye intaneti na kusubiri kibali cha kielektroniki cha kusafiri. Kibali kikitoka, ndipo wanapanda ndege.

"Mjomba, mbona kuna Mzungu pale Diani ambaye yupo kila siku, na anasema 'mambo vipi' kama sisi?"

Umeona vizuri! Huyo ni mgeni aliyeomba kukaa. Anayetaka kufanya kazi huomba kibali cha kazi. Anayekaa zaidi ya miezi mitatu hujiandikisha na kupewa kadi ya mgeni. Na akikaa kihalali miaka saba mfululizo, Katiba inamruhusu kuomba uraia. Aliyeoa au kuolewa na Mkenya naye anaweza kuomba, ndoa ikishatimiza miaka saba. Hapo hakuna mchezo. Anaeleza amekaa wapi, ameishi vipi, na serikali inamchunguza kabla ya kumwambia ndiyo.

Na wewe je? Wewe uliomba?

Hukuomba. Wewe ulizaliwa. Lakini sikilizeni kwa makini hapa, maana wengi hukosea. Kuzaliwa ndani ya ua peke yake hakutoshi. Sheria ya Kenya haiulizi tu ulizaliwa wapi. Inauliza swali lile lile la wazee: wewe ni mtoto wa nani? Katiba ya mwaka 2010, ibara ya 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku aliyozaliwa mama yake au baba yake alikuwa raia. Mama au baba. Yeyote kati yao. Ni jambo jema sana hilo, maana chini ya Katiba ya zamani mtoto aliyezaliwa nje ya Kenya alifuata uraia wa baba peke yake, kana kwamba mama hakumbeba.

"Na mtoto asiyejulikana mama wala baba?"

Nani kauliza hilo? Wewe? Njoo ukae hapa karibu yangu. Umefikiri kama jaji.

Katiba imemfikiria huyo. Mtoto akikutwa Kenya, akiwa ni wa chini ya miaka minane au anaonekana hivyo, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, anahesabiwa kuwa raia wa Kenya kwa kuzaliwa. Haachwi nje ya ua usiku. Mimi nikisoma sheria nyingi huchoka, lakini hiyo nikiisoma hupata nguvu.

Sasa, je, wale waliozaliwa ndani ya ua na wazazi wao wanajulikana kabisa, lakini wazazi hao hawakuandikwa popote? Hao wako wapi? Hapo ndipo hadithi yetu inapoanza, na mimi si wa kuisimulia. Yupo anayeijua kunishinda. Ni kinyago, cha mpingo, cheusi, kirefu kama mkono wangu.

Paukwa!

"Pakawa!"

Haya, kinyago, sema.

"Mimi nilikuwa mti. Nilikuwa mpingo, na mpingo ni mgumu, shoka hulia likiugusa. Fundi wangu alinibandua gome, akakuta weusi ndani, akacheka. Akasema, 'Humu mna watu.' Akakaa chini ya mwembe, kijijini Makongeni, karibu na Gasi, akachonga. Akamtoa mzee. Juu ya mabega ya mzee akamtoa mama. Juu ya mama akatoa watoto. Wote wameshikana, hakuna anayeanguka.

"Siku moja nikamuuliza, 'Fundi, wewe ni mtoto wa nani?'

"Akasema, 'Mimi ni Mmakonde. Babu yangu alitoka Mueda, nyanda za juu, kaskazini mwa Msumbiji. Kule Wareno walikuwa wakiwalazimisha watu kazi. Wengi wakavuka mto Ruvuma wakatafuta kazi kwingine. Miaka ya 1930 na 1940 wakafika huku Kwale. Mwingereza alitaka mkonge ukatwe. Alitaka miwa ikatwe. Hakuna aliyewauliza karatasi. Waliulizwa wana mikono mingapi.'

"Mikono ilikuwepo. Mkonge ukakatwa na miwa ikakatwa. Babu akamzaa baba hapa. Baba akamzaa fundi hapa. Fundi akawazaa watoto wake hapa. Wanasema Kidigo. Wanasema Kiswahili. Wanakula wali wa nazi. Wamezika wazee wao katika mchanga huu.

"Kisha Kenya ikapata uhuru, tarehe 12 Desemba 1963. Watu wakacheza ngoma, na Wamakonde nao wakacheza. Lakini sheria ya uhuru ilimkubali moja kwa moja yule aliyezaliwa Kenya, na mzazi wake mmoja awe amezaliwa Kenya pia. Wengine walipewa miaka miwili waje wajiandikishe. Kule katikati ya mkonge, nani angewapelekea vibarua habari hiyo? Miaka miwili ikapita. Mlango ukafungwa, nao wakiwa ndani ya ua wanapalilia.

"Tangu hapo, wakaitwa wageni."

Samahani, kinyago, hebu ngoja kidogo. Hawa watoto wana swali, nawaona machoni.

"Mjomba, kwani mtu akikosa kitambulisho anapata shida gani? Mimi sina, na sina shida."

Wewe huna kwa sababu hujafika miaka kumi na minane. Ukifika, utaona kila mlango unakiulizia. Unataka laini ya simu kwa jina lako, uweze kutuma na kupokea M-Pesa? Kitambulisho. Unataka akaunti benki? Kitambulisho. Hatimiliki ya shamba? Kitambulisho. Kura? Kitambulisho. Kuingia kwenye ofisi kubwa Nairobi, hata kwenda tu kumsalimu mtu, mlinzi anataka kitambulisho. Na mtoto wa mzazi asiye nacho, cheti chake cha kuzaliwa kinakuwa kigumu kupatikana. Bila cheti, mtihani wa taifa unakuwa na matatizo, na basari ya kaunti inamwendea mwingine. Unaona? Shida ya babu inamfikia mjukuu aliye darasani.

Wamakonde wengine walikuwa wakisajili laini za simu kwa vitambulisho vya marafiki. Wengine waliwaandikisha watoto wao shuleni kwa majina ya makabila mengine. Fikirini hilo, wanangu. Mtoto anaitwa darasani kwa jina ambalo si la nyumbani kwao, na anaitika.

Haya, kinyago, endelea.

"Siku moja akaja mtalii pale Diani, barabarani, tulipopangwa. Akamtazama ndugu yangu, kinyago mwenzangu tuliyechongwa na mkono mmoja. Akampenda. Akatoa pesa. Ndugu yangu akafungwa kwenye gazeti, akatiwa sandukuni, akapanda ndege. Akaenda Ulaya! Sasa anakaa juu ya rafu, anatazama theluji dirishani.

"Ndugu yangu hakuulizwa, 'Wewe ni mtoto wa nani?'

"Fundi wetu aliulizwa kila mara. Aliulizwa na polisi barabarani. Aliulizwa ofisini. Na kila mara akijibu, 'Mimi nimezaliwa hapa,' aliambiwa, 'Lete karatasi.' Karatasi ya baba hakuwa nayo. Baba naye hakuwa na ya babu. Babu alipewa panga tu, la kukatia mkonge.

"Basi mti ulivuka bahari na mabara. Fundi hakuvuka kivuko cha Likoni bila woga."

Nawaomba mlishike hilo alilolisema kinyago. Kazi ya mkono wa mtu ilikuwa na ruhusa ya kwenda popote, na mwenye mkono hakuwa nayo. Sisi watu wa Kwale tuliyaona hayo kwa miaka mingi. Tulinunua vinyago vyao, tukaviweka sebuleni, tukavisifia.

"Mjomba, sasa serikali ilikuwa haina sheria ya kuwasaidia?"

Ilikuwa nayo! Ndiyo maana nasema umeuliza vizuri. Mwaka 2011 Bunge lilipitisha Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya Kenya. Ndani yake mna kifungu cha watu wasio na uraia wa nchi yoyote. Kinasema, mtu wa namna hiyo akiwa ameishi Kenya mfululizo tangu 12 Desemba 1963, anaweza kuomba kuandikishwa kuwa raia. Awe anajua Kiswahili au lugha ya hapa nchini. Awe anakusudia kuendelea kuishi Kenya. Awe hajafungwa kwa kosa kubwa. Na wazao wa watu hao nao wakawekewa kifungu chao.

Wamakonde walikuwa na hayo yote. Kiswahili? Wanakijua tangu utotoni. Kukaa? Hawana kwingine. Lakini sheria iliweka muda wa miaka mitano, na miaka ikawa inayoyoma. Mpaka Agosti 2016 mitano imetimia, na waliobaki bila kitambulisho walikuwa wale wale.

Mimi naamini kilichokosekana si sheria. Kilichokosekana ni mtu wa ofisini kuinuka kitini, akashuka mpaka kijijini na fomu zake, akakaa chini ya mwembe. Ofisi ilingoja watu walete hati ambazo haikuwahi kuwapa. Ukiniambia nikuletee kikombe, na kikombe hukunipa, nitakuletea nini?

Basi kinyago atawaambia walichofanya Wamakonde.

"Mwezi wa Oktoba mwaka 2016, fundi alivaa viatu vyake. Wamakonde wenzake wakavaa vyao. Watetezi wa haki za binadamu wakajiunga nao. Wakasema, 'Ikiwa ofisi haitufikii, sisi tutaifikia ofisi kubwa kuliko zote.' Wakaondoka Kwale wakashika njia ya Nairobi. Ni karibu kilomita mia tano! Njia ya jua na vumbi, Mariakani, Voi, Mtito Andei. Mkononi wana ombi lao.

"Wakafika. Tarehe 13 Oktoba wakapokewa Ikulu na Rais Uhuru Kenyatta. Watu waliokuwa wakiogopa kizuizi cha polisi, sasa wamesimama Ikulu! Rais akakubali kwamba wamechelewa kutambuliwa. Akasema siku hiyo ndiyo iwe ya mwisho wao kuitwa wageni. Akaagiza wapewe vitambulisho kabla ya mwezi wa Desemba kwisha.

"Maafisa wakaja Kwale kuandikisha. Fundi akapanga foleni. Wakachukua alama za vidole vyake vyote kumi. Vidole vya fundi wa mpingo vina sugu, afisa akavifuta, akavibonyeza tena. Wino ule ulikuwa mweusi kama mimi. Nikafurahi. Mapema mwaka 2017 vitambulisho vikatolewa. Wamakonde wakahesabiwa kuwa kabila la 43 la Kenya.

"Na fundi akaulizwa, 'Wewe ni mtoto wa nani?' Akataja jina la baba yake, akataja la babu yake, na safari hii mtu akaandika."

Ahsante, kinyago. Pumzika.

Msidhani kitambulisho kilianza kama kitu cha furaha. Hapana. Enzi za Mwingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, mwanamume wa Kiafrika alilazimishwa kubeba karatasi iliyoitwa kipande ndani ya kibweta cha bati, kimening'inia shingoni. Kilikuwa cha kumfunga kwa mwajiri, asitoroke kazi. Wazee wetu walikichukia, nao walikuwa na haki ya kukichukia. Leo tunakipigania. Kilichobadilika ni kazi ya karatasi yenyewe. Ile ilisema wewe ni mali ya shamba fulani. Hii inasema una sehemu katika ua.

"Mjomba, ni Wamakonde peke yao?"

Hapana. Nchi nzima ilikuwa na wengine. Kuna Washona, ambao wazee wao walitoka Zimbabwe miaka ya 1960 wakihubiri dini. Wao walipata vitambulisho mwaka 2021. Lakini nataka niwaambie habari za Wapemba, kwa sababu ni majirani zetu, na wapo kuanzia Vanga na Shimoni mpaka Kilifi. Ni watu wa bahari. Samaki mnayemla mchana, huenda aliyemvua ni Mpemba.

Habari yao inashangaza. Zamani pwani hii yetu, ukanda wa maili kumi kutoka baharini, ulikuwa wa Sultani wa Zanzibar. Mwingereza aliutawala kwa jina la Sultani. Na kisiwa cha Pemba kilikuwa cha nani? Cha Sultani huyo huyo! Basi mvuvi wa Pemba aliyefuata upepo miaka ya 1940 akatia nanga Shimoni, alikuwa amekwenda nchi ya kigeni?

"Hapana, Mjomba. Alikuwa amehama chumba."

Mwaona! Nyinyi mnaelewa upesi kuliko mabunge. Alihama chumba ndani ya nyumba moja. Kisha Oktoba 1963 Jomo Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, wakakubaliana kwamba ukanda huu uwe wa Kenya. Desemba ile ile Kenya ikawa huru, na Zanzibar nayo ikawa huru siku mbili kabla yetu. Januari 1964 yakatokea mapinduzi Zanzibar, na watu wengine wakakimbilia huku. Mvuvi wetu wa Shimoni hajasogea hata hatua. Ngalawa yake iko pale pale. Lakini ukuta umejengwa nyuma yake, na yeye akaambiwa ni mgeni.

Bila kitambulisho, mvuvi hapati leseni ya uvuvi. Anakwenda baharini usiku akiogopa vitu viwili: dhoruba, na boti ya doria. Akipata samaki wengi, humuuzia mwenye leseni kwa bei anayotajiwa, maana hana uso wa kubishana. Wapemba hawa walikuwa wapatao elfu saba. Mwaka 2023 ndipo serikali ilipowatambua, na mwezi Julai Rais William Ruto akawakabidhi hati zao mjini Kilifi. Karibu miaka sitini tangu ukuta ule ujengwe.

Na wapo ambao walibaki wakingoja Wapemba walipopata. Kuna wazee wenye asili ya Burundi na Rwanda, ambao baba zao nao waliletwa na kazi za mashamba wakati wa Mwingereza. Sina la kuwafichia, wanangu. Ua wetu bado una watu wanaolala ndani yake na majina yao hayamo kitabuni.

"Mjomba, sasa sisi tufanye nini? Mimi nitakipataje changu?"

Sasa umeingia kwenye kazi. Sikilizeni utaratibu, msisahau.

Mtoto akizaliwa hospitali, Msambweni kwa mfano, muuguzi huandika karatasi ya taarifa ya kuzaliwa. Akizaliwa nyumbani, naibu chifu ndiye anayeandika. Karatasi hiyo ndiyo mzizi. Inapelekwa kwa msajili wa vizazi na vifo, na hapo ndipo kinatoka cheti cha kuzaliwa. Mkipitisha miezi sita bila kuandikisha, inahesabiwa kuwa mmechelewa, na njia inakuwa ndefu kuliko ilivyopaswa. Ukifika miaka kumi na minane, unachukua cheti chako na nakala za vitambulisho vya wazazi, unakwenda ofisi ya usajili wa watu. Wanakupiga picha. Wanachukua alama za vidole. Unapewa karatasi ya kusubiri. Kisha unasubiri.

Huku kwetu karibu na mpaka, watu wengi wamepitia pia baraza la wazee la kuwahoji. Waliulizwa babu zao ni nani, walizikwa wapi, wanapakana na nani shambani. Mimi silaumu wazee kuuliza, maana ua lazima uwe na macho. Lakini macho yasimtazame mtoto wa Lunga Lunga kwa shaka, na mtoto wa Nyeri kwa tabasamu, na wote ni Wakenya.

"Na afisa akiniambia rudi kesho, halafu kesho, halafu kesho?"

Muulize kwa adabu: kwa nini? Usione haya. Ibara ya 12 ya Katiba inasema kila raia ana haki ya kupewa pasipoti na hati za usajili. Ni haki yako, wala si hisani ya mtu. Na ibara ya 47 inasema hivi: ofisi ya serikali ikifanya uamuzi unaokunyima haki yako, una haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kwa maandishi! Mwambie, "Afande, naomba nipate sababu kwa maandishi." Wapo maafisa wengi wazuri, wanaofungua ofisi mapema na kuwahudumia watu mpaka jua linatua, na hao hawatakasirika ukiuliza. Watakuonyesha karatasi iliyopungua, utaitafuta, mambo yatakwisha.

Haya, jua linashuka na mama zenu watanilaumu. Kila mmoja akifika nyumbani amuulize mama: cheti changu kiko wapi? Kama kimo kwenye mkoba wa plastiki chini ya godoro, pamoja na risiti za shule, kipigeni picha kwa simu, maana panya hawajui Katiba. Na wewe uliyeniuliza la mtoto asiye na wazazi, mdogo wako yule aliyezaliwa nyumbani wakati wa mvua za masika, ameshaandikwa? Hujui? Basi mwambie mama kesho asubuhi amwone naibu chifu, na umsindikize. Miezi sita haijatimia.